Wifi yangu ameambiwa mtoto ana mgongo wazi: sisi wa nyumbani tufanye nini kabla hajazaliwa?

Swali: "Mimi ni mfanyabiashara hapa Busia, upande wa Uganda. Mke wa kaka yangu ana mimba ya wiki 25, mimba yake ya kwanza. Wiki iliyopita skani imeonyesha mtoto ana mgongo wazi na maji kichwani. Daktari alizungumza nasi dakika chache, akaandika karatasi ya rufaa ya Mbale, tukarudi nyumbani. Tangu siku hiyo kaka haongei. Mama anasema mambo haya yametoka upande wa akina wifi. Jirani amekwisha kumwambia aitoe mapema. Wifi mwenyewe hali vizuri na halali. Nataka kumsaidia lakini naogopa kusema neno baya. Tufanye nini? Na nguo za mtoto tununue au tungoje?"

Dada, nguo nunueni. Chagueni zinazofunguka mbele au ubavuni, zisizo na mpira wa kubana kiunoni, kwa kuwa siku za mwanzo mtoto atalazwa kifudifudi au kwa ubavu na mgongo wake hautakiwi kuguswaguswa. Kofia ziwe moja mbili tu, nyingine mtanunua mkishajua kipimo cha kichwa. Nimeanza na nguo kwa sababu wifi yako anawatazama. Nyumba inayoacha kumwandalia mtoto inamwambia mama kwamba mtoto huyo hahesabiwi, hata kama hakuna aliyefungua mdomo.

Sasa hilo lingine. Mmejua mapema, na hapa kwetu hiyo ni bahati ambayo wengi hawaipati. Wazazi wengi wa watoto wenye mgongo wazi hujua siku ile ile ya kujifungua, mkunga anapomgeuza mtoto. Mama bado yuko kitandani, nauli haipo, hakuna anayejua hospitali ipi inahusika, na siku zinaishia kijijini huku kidonda kikiwa wazi. Ninyi mna kati ya wiki 12 na 15. Habari yenyewe ni nzito na siwezi kuifanya nyepesi, lakini hizo wiki ni mali mkononi, na karibu kila nitakachokwambia ni namna ya kuzitumia.

Anzeni kwa kurudia skani. Sisemi daktari wenu amekosea. Tatizo hili, yaani uti wa mgongo wa mtoto kushindwa kufunga tumboni, mara nyingi linaonekana vizuri, kwa sababu fuvu la mtoto hubadilika umbo, likaminyika mbele kama limau, na mtaalamu akishaliona hilo hugeuza kipimo atafute mgongoni. Ila picha ya kwanza huwapa jina la tatizo, na jina peke yake halipangi kitu. Nendeni Mbale na karatasi yenu ya rufaa, au Kampala kwenye hospitali maalumu ya wanawake ya Mulago kama mna ndugu wa kuwapokea, na mmoja wenu aende na daftari. Ulizeni uwazi uko kwenye pingili gani za mgongo. Ukiwa chini kabisa, karibu na makalio, watoto wengi hutembea, wengine kwa viatu maalumu au magongo. Kadiri unavyopanda juu, miguu inapoteza nguvu, na mtoto mwenye uwazi wa juu mara nyingi atahitaji kiti cha magurudumu. Ulizeni vyumba vya maji vya ubongo vina upana wa milimita ngapi. Kwa kawaida huwa chini ya 10. Kati ya 10 na 15 vimepanuka kiasi. Zaidi ya 15 vimepanuka sana. Namba hiyo iandikeni na tarehe yake, kwa sababu skani ijayo italinganishwa nayo. Ulizeni kama miguu inacheza, kama nyayo zimepinda, kama moyo na figo zimeangaliwa, na kama mtoto ametanguliza kichwa au makalio.

Kisha kuna swali ambalo familia huogopa kuliuliza: je, hii ni hali ambayo mtoto huishi nayo? Ulizeni hivyo hivyo, bila kuzunguka. Kuna matatizo mengine ya asili moja na mgongo wazi, kama lile la mtoto asiyekuwa na sehemu ya juu ya fuvu, ambayo mtoto hawezi kuishi nayo baada ya kuzaliwa, na maandalizi yake ni mengine kabisa. Ulivyonieleza, hali yenu si hiyo. Lakini jibu linapaswa litoke kwa aliyeiona picha, na wifi alisikie akiwa amekaa, mume wake yuko pembeni, katika lugha anayoota nayo. Kama daktari anazungumza Kiingereza au Kiganda na yeye anafuata nusu nusu, semeni. Mkunga au nesi anayejua Kiswahili au Kisamia hakosekani wodini. Ana haki ya kusema "rudia tena", hata mara ya tatu.

Skani haitawaambia atakuwa mtu wa namna gani. Swali ninaloulizwa zaidi ni la akili. Watoto wengi wenye mgongo wazi wana akili ya kiwango cha kawaida. Wengi pia hupata taabu na hesabu, na kutulia kwenye jambo moja, na kupanga kazi yenye hatua nyingi. Mwalimu asiyejua huwaita wavivu. Kinachoharibu zaidi ni maji ya kichwani yakiachwa yakandamize ubongo, au maambukizi yakiingia kupitia kidonda cha mgongoni. Kwa hiyo sehemu ya jibu la swali la akili haijaandikwa bado. Inategemea mtoto atafika lini kwa madaktari, na hilo liko ndani ya uwezo wenu.

Ndiyo maana mahali pa kuzaa ni jambo la kwanza kupanga, kabla hata ya pesa za hospitali. Mtoto huyu asizaliwe nyumbani, wala kwa mkunga wa jadi, wala kwenye kituo cha afya kisicho na daktari wa upasuaji. Hospitali ya Masafu ni karibu na inaweza kumsaidia wifi uchungu ukimshika ghafla, lakini mpango uwe Mbale, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa sababu kutoka hapo hadi kwa madaktari wa ubongo wa watoto ni mwendo mfupi ndani ya mji ule ule. Kama atazaa kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, daktari ataamua akiangalia ukubwa wa kichwa na jinsi mtoto alivyokaa. Msilazimishe upasuaji, wala msiukatae. Wiki mbili au tatu kabla ya tarehe, kama kuna jamaa Mbale, wifi ahamie huko. Barabara ya Tororo usiku wa manane, mvua inanyesha, mnatafuta gari la kukodi, hiyo si hali ya kuanzia.

Akizaliwa, mgongo ufunikwe na shashi safi ya hospitali iliyoloweshwa maji ya dripu ya chumvi, juu yake nailoni safi isiyoshika, na shashi isiachwe ikauke. Alale kifudifudi au ubavu. Apate joto, na anyonye. Kunyonya hakukatazwi; mkunga atamwonyesha mama namna ya kumpakata bila kugusa kidonda. Kisipakwe kitu: majivu, dawa ya mizizi, mafuta ya kuombewa, poda, vyote viwe mbali. Najua mafuta ya kuombewa yataletwa na mtu mwenye nia njema. Apake miguuni au kwenye paji la uso, mgongo auache. Na waambieni wahudumu kwamba watoto wenye mgongo wazi hupata mzio wa mpira wa asili kwa urahisi kuliko watoto wengine, kwa hiyo watumie glavu zisizo za mpira huo kama zipo. Baadaye mtakuja kukumbuka hata baluni za sherehe, maana nazo ni za mpira huo.

Upasuaji wa kufunga mgongo hulengwa ufanyike ndani ya siku mbili tatu za kwanza, hasa kama uti uko wazi au maji yanavuja. Lengo lake ni kuzuia maambukizi yasipande hadi ubongoni na kuokoa mishipa ambayo bado inafanya kazi. Haurudishi nguvu ya mguu ambayo haikuwepo. Familia zikielezwa hivyo mapema, huzipati wodini baada ya mwezi zikisema upasuaji umeshindwa.

Mbale kuna hospitali ya watoto ya CURE, ya misheni, inayopokea watoto wa dini zote, nayo inajulikana duniani kwa jambo hili hili linalowasumbua. Zamani tiba ya maji kichwani ilikuwa moja: mrija unaowekwa chini ya ngozi ukishusha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija unafanya kazi. Taabu yake ni kwamba unaweza kuziba au kuingia vijidudu, na mtoto wa kijiji cha mbali mrija ukiziba anaweza kufa kabla hajafika kwa daktari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi pale, Benjamin Warf, aliunganisha mbinu mbili. Kamera nyembamba inaingizwa ndani ya vyumba vya maji vya ubongo, daktari anatoboa njia mpya ya maji kupita, kisha anaunguza sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo. Watoto wengi wakaweza kuishi bila mrija. Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliofanyika hapo Mbale kwa watoto 100 wachanga wenye maji kichwani yaliyoletwa na maambukizi, ukilinganisha mbinu hiyo na mrija. Baada ya miezi 12 maendeleo ya akili ya makundi mawili hayakutofautiana kwa maana. Wa kwenu tatizo lake halikuanzia kwenye maambukizi, na si kila mtoto anafaa kwa kamera, hivyo msifike mkidai njia moja. Ila mkisikia "maji kichwani" msifikirie mwisho wa mambo. Mbinu hii imeondoka Mbale ikaenda kufundishwa nchi nyingine.

(Mkifika wodini mtashangaa wingi wa vichwa vikubwa. Wengi wa watoto wale hawakuzaliwa hivyo. Walipata maambukizi wiki za mwanzo za maisha. Mwambieni wifi mapema, asidhani kila anayemwona pale ni mfano wa mtoto wake.)

Mtandaoni mtakutana na habari za mgongo kufungwa mtoto akiwa bado tumboni. Ni kweli jambo hilo lipo, na utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2011 uliwahusu waliopasuliwa kabla ya wiki 26. Kwa mimba ya wiki 25 iliyoko Busia hiyo si njia ya kufuata, na wifi asikeshe akijilaumu kwamba ameikosa.

Baada ya hospitali ndiko familia nyingi huachwa peke yao, na ndiko ninakotaka mkae kidogo. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa watoto wenye mgongo wazi wa kusini mashariki mwa Uganda waliopasuliwa Mbale. Waliotoka wilaya zenye huduma ya kuwafuata nyumbani, yaani mtu wa kuwatembelea, kuwapima na kuwafundisha wazazi, waliishi zaidi kuliko waliotoka wilaya zisizo na huduma hiyo, ingawa hospitali iliyowapasua ilikuwa moja. Siku ya kuruhusiwa, kabla ya kubeba mizigo, ulizeni: nani atatufuata Busia, kwa simu ipi, na sisi tumpigie nani usiku? Msiondoke bila majibu hayo.

Kitu ambacho mtafuatilia miaka yote ni mkojo. Mishipa inayoongoza kibofu hutoka chini kabisa ya uti wa mgongo, hivyo karibu kila mtoto mwenye mgongo wazi wa aina hii hawezi kukimwaga kibofu vizuri. Mkojo unabaki, presha inapanda, unarudi nyuma kwenye figo, na figo zinaharibika polepole bila maumivu yoyote. Mama anaona mtoto analowanisha nepi kama kawaida, kumbe ni mafuriko ya kibofu kilichojaa. Dawa yake ni kazi ya mikono: mpira mwembamba wa mkojo (katheta) unapitishwa, mkojo unatoka, mpira unatolewa, mara nne au tano kwa siku. Mikono inaoshwa kwa sabuni, mpira unasafishwa na kuhifadhiwa mahali pasafi. Mara ya kwanza kila mama hutetemeka. Baada ya muda anafanya huku anaongea na simu, na mtoto mwenyewe, akifika umri wa kwenda shule, wengi hujifunza kujifanyia. Choo nacho kina utaratibu wake wa kila siku ili kisigande. Dada, jifunze na wewe. Wifi akiwa peke yake anayejua kazi hii, hatakwenda msibani, hatakwenda sokoni, hataugua hata siku moja. Wakiwa wawili au watatu nyumbani wanaoijua, ana maisha.

Kichwa kipimwe kwa utepe kila wiki miezi ya mwanzo na namba iandikwe. Mtoto akitapika sana, utosi ukivimba na kukaza, macho yakibaki yameelekea chini, au akilala kupita kawaida yake, ni safari ya Mbale siku hiyo hiyo, msingoje kliniki ya Jumatatu. Miguu ambayo haihisi inaungua kwa maji ya moto na mtoto halii, kwa hiyo maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko cha mkubwa. Nyayo zilizopinda hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, na kwa mambo makubwa zaidi ya mifupa kuna hospitali ya CoRSU kule Kisubi, barabara ya Entebbe.

Turudi nyumbani kwenu.

Mama yako kwanza. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Wakati huo mwanamke ndio kwanza anajiuliza kama amechelewa siku zake. Hakuna mzigo aliobeba wifi, hakuna chakula alichokula mwezi wa nne, hakuna mlemavu aliyemtazama au kumcheka, ambacho kingeweza kufungua mgongo uliokwisha kufunga au kushindwa kufunga kitambo. Tunajua upungufu wa asidi ya foliki mwilini unachangia. Kisukari kisichotulizwa kinachangia, na baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti. Urithi nao upo kwa kiasi, na unaweza kutoka upande wowote, wa mke au wa mume. Mara nyingi hakuna sababu moja ya kunyooshea kidole. Haya usimwambie mama mbele ya wifi, wala kwa kumshinda hoja. Mwombe awasindikize Mbale. Nimeona akina mama wakwe wakali sana wakilainika wodini, wakishakaa benchi moja na mabibi wengine wanane wenye wajukuu kama wake, kutoka makabila ambayo hayajawahi kuoana na ukoo wenu. Kisha mpe kazi: yeye ndiye mwenye kanga laini, yeye ndiye anayejua kukanda na kuogesha. Bibi aliyefundishwa na nesi namna ya kumshika mtoto huyu atawafundisha majirani kwa ukali ule ule aliokuwa akilaumia.

Kaka yako hazungumzi, na watu watasema hajali. Mara nyingi mwanamume wa namna hiyo anapiga hesabu za pesa usiku kucha na kuogopa kwamba watu wamekwisha kujua. Wapo pia wanaoondoka. Wanawake wengi wanaolea watoto wenye ulemavu nchini hapa wanalea peke yao, na kuondoka huko huanza na ukimya kama huu. Wewe ni dada yake. Mtoto akizaliwa wewe ndiye shangazi, ssenga kama wasemavyo Waganda, na kwenye nyumba nyingi neno la ssenga linafika mahali ambapo neno la mke limegota. Lisubirie wakati mzuri, mkiwa wawili. Usimwambie "jikaze kiume". Mwambie kazi zilizo zake: kupiga simu hospitali na kuuliza gharama na msaada uliopo, kuweka nauli na pesa ya mafuta kwenye simu ambayo haiguswi, kutafuta dereva atakayeitikia saa nane usiku, na kuwepo chumbani skani ya pili ikifanyika. Mwanamume aliyeiona miguu ya mwanawe ikicheza kwenye kioo hutoka na maswali, na maswali ni mazungumzo.

Jirani anayesema "aitoe" mzuieni kabisa. Katiba yetu, ibara ya 22(2), inakataza kutoa mimba isipokuwa pale sheria inaporuhusu, na vidonge vinavyouzwa uchochoroni kwa mimba ya wiki 25 vinaua mama. Wifi akiwa na maswali yake mwenyewe juu ya hilo, ayapeleke kwa daktari wa rufaa, na asihukumiwe kwa kuuliza.

Kwake yeye, wifi, maneno yawe machache. "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba" ni maneno ya kweli kwa anayeyaamini, lakini yakisemwa na mwingine yanamfunga mdomo aliyelemewa. "Atapona tu, utaona" ni ahadi ambayo huna. Uliza amelala saa ngapi. Uliza anataka nani ajue na nani asijue, kisha mlinde kwenye hilo hata dhidi ya kikundi chenu cha sala. Chota maji, pika anachopenda, kaa naye foleni ya kliniki. Kama walikuwa wamechagua jina, litumie. Atamlilia mtoto aliyekuwa akimwaza huku akimbeba huyu aliye naye, na machozi hayo hayana maana kwamba hampendi. Ila asipokula kwa wiki mbili, asipotaka kuguswa, au akisema heri asingekuwepo, hilo ni la daktari. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na kwenda huko si aibu.

Akiwa tayari, na asipelekwe kwa nguvu, akutane na mama mwingine. Si kwenye karatasi. Ana kwa ana. Uganda kuna chama cha wazazi na watu wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa, kwa kifupi SHA-U, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini Mbale anaweza kuwaunganisha na familia ya Busia au Tororo. Ombeni familia yenye mtoto mkubwa kidogo, anayesoma. Mama wa mtoto wa mwezi mmoja atamwonyesha kidonda. Mama wa mtoto wa miaka tisa atamwonyesha madaftari.

Juu ya haki, kwa ufupi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inamtambua mtoto huyu tangu siku ya kwanza, na kila baraza la wilaya na la kata ndogo lina madiwani wawili wanaowakilisha watu wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke. Watafuteni sasa, kabla hamjawa na shida, muwajue kwa sura. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndogo ndiye anayejua vikundi vinavyopata ruzuku ya serikali. Viti na vifaa vya kutembelea mtavihitaji baadaye. Katalemwa Cheshire Home ya Kampala ni mlango mmoja wa kubisha.

Mwisho ni mimba nyingine, ambayo najua hakuna mwenye moyo wa kuizungumza leo. Mama aliyezaa mtoto mwenye mgongo wazi ana uwezekano wa asilimia 2 hadi 4 wa kupata mwingine. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba asidi ya foliki ya dozi kubwa, ikianzwa kabla ya mimba, inapunguza hatari hiyo kwa asilimia kama 70. Dozi yake ni miligramu 4 au 5 kwa siku, kwa maelekezo ya daktari, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba, bora miezi mitatu, hadi wiki ya 12. Vidonge vyekundu anavyopewa kliniki sasa vina foliki kidogo pamoja na madini ya chuma. Avimeze vyote kwa ajili ya damu yake, lakini kwa mgongo wa mtoto vinafika mlango umekwisha kufungwa. Unga wa viwanda vikubwa Uganda huongezwa foliki kwa sheria, posho, yaani unga wa mahindi, ya mashine ya kijijini haina. Na wewe dada, kama una nia ya kuzaa, kwa kuwa ni damu ya kaka yako, zungumza na daktari kuhusu dozi inayokufaa. Dozi ya kawaida ya kila mwanamke anayetarajia mimba ni miligramu 0.4 kwa siku, na inaanzwa kabla ya mwezi kuchelewa.